Ufunguo wa Spoki na Deni la Msaidizi



Katika vyombo vya kutengenezea baiskeli kimo kimoja kidogo ambacho watu wengi hawakijui, hata wale waliopanda baiskeli tangu utoto wao. Spana twaijua, bisibisi twaijua, na pampu hakuna asiyewahi kuiazima kwa jirani. Lakini ufunguo wa spoki ni chuma kidogo kiasi cha kufichwa na kiganja cha mtoto, chenye mwanya mmoja au zaidi, nao una kazi moja tu, yaani kuzungusha zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye ringi. Haufungui kitu kingine chochote. Nataka kuwaeleza habari za chuma hicho, maana kwa sababu yake nilianza kufikiri neno ambalo hapo kwanza nalidhani kuwa jepesi: mtu akimsaidia mwenziwe kwa moyo mweupe, bila kudai malipo, na kwa msaada ule ule akamharibia mali yake, je, adaiwa? Au nia yake njema yamlipia?

Kwanza yatupasa kulielewa gurudumu lenyewe, kwa maana asiyelielewa hataona kosa langu lilikuwa wapi. Gurudumu la mti la mkokoteni husimama juu ya miti yake; mzigo waikandamiza ile iliyo chini, nayo ni minene, yavumilia. Gurudumu la baiskeli laonekana kuwa vivyo hivyo, lakini sivyo. Spoki ni waya mwembamba. Ukiusukuma wapinda mara moja. Kazi yake si kusukuma bali kuvuta. Mwingereza George Cayley alilifikiri jambo hili mwaka 1808, alipokuwa akitafuta gurudumu jepesi kwa ajili ya chombo cha kurukia angani. Mwaka 1869 Eugène Meyer wa Paris alipewa hati ya haki kwa gurudumu la waya zilizovutwa, na mwaka 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, akapata yake kwa spoki zisizoelekea katikati moja kwa moja bali zinazopishana, kama tuzionavyo hata leo. Baiskeli nyingi za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kwenye mzigo.

Basi, spoki zote zimekwisha kuvutwa kabla mtu hajapanda. Hapo apandapo, zile zilizo chini karibu na ardhi hupunguziwa mvuto wao, na nyingine hubadilika kidogo tu. Mhandisi wa Marekani, Jobst Brandt, alilieleza jambo hilo vizuri katika kitabu chake juu ya gurudumu la baiskeli, kilichotoka mwaka 1981, na watu wengi walishangaa. Kwa hiyo spoki iliyolegea tangu mwanzo haina cha kupunguziwa. Haichukui sehemu yake ya mzigo, nayo hujipinda na kujinyosha kila gurudumu lizungukapo, hata mwisho yakatika. Na spoki zilizokazwa kupita kiasi nazo ni hatari, kwa kuwa ringi iliyobanwa mno na kila upande hungojea sababu ndogo tu ili ijikunje.

Ufunguo wa spoki ndio utawalao mambo hayo yote. Meno ya spoki ya kawaida ni 56 katika inchi moja. Maana yake, ukiizungusha nati mara moja kamili, umeivuta spoki kwa karibu nusu ya milimita. Laonekana neno dogo, lakini kwa gurudumu ni kubwa, ndiyo sababu mafundi huenda kwa robo ya mzunguko. Ringi ikiegemea kulia mahali fulani, spoki za kulia hulegezwa kidogo mahali pale na za kushoto hukazwa kidogo. Kisha gurudumu huzungushwa tena, hutazamwa tena, na kipande cha chaki hushikwa karibu na ringi ili kionyeshe panapogusa. Kazi hii hupita polepole sana, na mtu mwenye haraka haimfai.

Hapa tena pana mitego miwili. Wa kwanza: ukiitazama nati kutoka upande wa tairi, kuizungusha kwa njia ya mishale ya saa ni kukaza. Lakini mtu wa nyumbani huigeuza baiskeli magurudumu juu, akaitazama nati kutoka upande wa kitovu, na kwa macho yake mzunguko ule ule huonekana kinyume. Wengi wamelegeza wakidhani wanakaza. Wa pili: nati hazina kipimo kimoja. Nyingine upana wake ni milimita 3.23, nyingine 3.30, nyingine 3.45, na nyingine zapita hapo. Tofauti hizo jicho halizioni, lakini chuma chaziona. Ufunguo uliozidi upana hushika pembe za nati tu, na baada ya kuzungusha mara chache pembe zalika, nati yawa mviringo, wala hapana tena wa kuigeuza.

Haya yote nayajua leo. Siku ile sikuyajua, ila niliujua ule mtego wa mishale ya saa, na kwa kuujua huo mmoja nalijiona fundi.

Jirani yangu ni muuza maziwa. Kila asubuhi kabla ya jua kuchomoza hufunga madumu mawili ya lita 20 juu ya keria, akaenda mjini kwa njia ya mchanga na mawe. Mke wake na watoto wanne waishi kwa magurudumu yale mawili. Jioni moja nilimkuta akiikokota baiskeli, kwa sababu gurudumu la nyuma lilikuwa likicheza na kugusa breki. Akaniambia, "Kaka, kesho sina budi nichelewe; nitampelekea mzee fundi pale chini ya mwembe." Nami nikamjibu, "Ya nini kupoteza fedha, mdogo wangu? Ufunguo ninao. Ni kazi ndogo tu."

Maneno hayo matatu, kazi ndogo tu, nawaomba msomaji ayashike, kwa kuwa nitayarudia.

Nilikaa na gurudumu lile muda wa saa moja kwa mwanga wa taa. Ufunguo wangu ulikuwa wa baiskeli yangu mwenyewe, nao ulicheza kidogo juu ya nati zake. Niliona, lakini nilijiambia ya kuwa si kitu. Na jambo lililo baya zaidi, sikulegeza spoki hata moja. Nilikaza tu. Kulegeza kulionekana machoni pangu kama kuharibu, na kukaza kama kutengeneza. Nadhani ni udhaifu wa watu wengi, kwamba hatuamini kazi ila tukiona nguvu zetu ndani yake. Ringi ilipoegemea kulia nilikaza kushoto, ilipoegemea kushoto nilikaza kulia, hata mwisho gurudumu likapita katikati ya breki bila kugusa. Lilikuwa limenyoka. Jirani yangu alifurahi, na kesho yake mtoto wake akaniletea chupa ya maziwa.

Siku ya tatu, alipokuwa akishuka bondeni, gurudumu lilijikunja mara moja kama ungo uliokanyagwa. Akaanguka, goti likapasuka ngozi, na maziwa yote yakamwagika mchangani. Alirudi kwa miguu akiibeba baiskeli begani. Nilipokwenda kumpa pole alisema, "Njia ile ni mbaya sana, kaka. Mawe yamezidi tangu mvua." Nami nikasema, "Ni kweli, njia ni mbaya."

Sasa tulitazame jambo lenyewe. Wakati wa usiku ule nilijitetea moyoni mwangu kwa hoja tatu, na kwa kuwa hoja hizo husikika kila mahali, yafaa tuzipime.

Hoja ya kwanza: sikulipwa. Asiyelipwa, nalijiambia, hana mkataba, na asiye na mkataba hadaiwi. Lakini mtu akipita na mzigo wa miti kichwani, akamgonga mwenziwe, hatuulizi kama alilipwa kuibeba. Malipo huongeza madai ya mtu. Kukosa malipo hakumwondolei mwingine hasara yake. Tena, tuseme kweli, ile chupa ya maziwa niliinywa. Sitaki kuikuza mno habari ya chupa, lakini kila nilipotaka kusema sikupata kitu, niliikumbuka.

Hoja ya pili: yeye mwenyewe alikubali. Hii ni hoja yenye nguvu zaidi, kwa maana mali ilikuwa yake, na mwenye mali ana haki ya kumpa amtakaye aishike. Lakini je, alikubali nini? Hakukubali mtu asiyejua alijaribie gurudumu lake. Alikubali neno langu ya kuwa ni kazi ndogo tu. Kama ningalimwambia, "Ufunguo ninao, lakini sijapata kunyosha gurudumu la mzigo, na ufunguo wenyewe wacheza juu ya nati," huenda angalicheka na kwenda zake chini ya mwembe. Ridhaa aliyonipa ilisimama juu ya ujuzi nisiokuwa nao, na mtu hawezi kuitumia kama ngao ridhaa aliyoipata kwa kumficha mwenziwe jambo, hata kama hakukusudia kumdanganya.

Hoja ya tatu ndiyo tamu kuliko zote: nia yangu ilikuwa njema. Wahenga wetu husema nia njema ni tabibu. Na wako wenye hekima wa mbali waliosema jambo la kufanana nalo. Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alifundisha ya kuwa hapana kitu kilicho chema pasipo sharti lolote ila nia njema peke yake, na ya kuwa hata ikishindwa kutimiza lile iliyolitaka, thamani yake haipungui. Nilipoyakumbuka mafundisho hayo nalifarijika sana. Lakini faraja yangu ilitoka katika kusahau nusu yake. Kwa maana Kant hakusema nia njema ni kutamani mema tu. Alieleza wazi ya kuwa maana yake ni kukusanya njia zote zilizo katika uwezo wetu. Basi njia zilizokuwa katika uwezo wangu ni zipi? Mzee fundi alikuwa umbali wa hatua mia mbili kutoka mlangoni pangu. Kumwuliza hakungenigharimu ila shikamoo moja. Sikumwuliza, kwa kuwa nilitaka kuonekana mtu ajuaye. Kwa hiyo nikichungua vizuri, nia yangu haikuwa moja. Ilikuwako nia ya kumwokolea jirani fedha yake, na ilikuwako nia nyingine iliyojificha nyuma yake, na hiyo ya pili ndiyo iliyoshika ufunguo.

Aristotle, Mgiriki wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliyaona mambo haya zamani. Alisema twamwachilia mtu aliyekosa kwa kutojua, lakini si kila mtu; kwa kuwa watungao sheria humwadhibu hata asiyejua, ikiwa kutojua kwake kwatoka kwake mwenyewe, kama vile mlevi, au mtu aliyeweza kujifunza naye akapuuza. Nadhani hapo ndipo penye mpaka tunaoutafuta.

Msomaji aweza kuuliza, na swali lake ni la haki: tukimdai kila msaidizi hasara ya msaada wake, nani atakayesaidia tena? Vijijini kwetu hatuishi kwa mafundi. Twaishi kwa mtu na jirani yake: huyu ashika paa la mwenziwe linapoezekwa, yule ashika ng'ombe azaaye usiku. Ng'ombe akifa, je, tumlipishe aliyeamka usiku kutusaidia? Tukifanya hivyo, kila mmoja atafunga mlango wake, nasi tutakuwa tumeilinda mali na kuupoteza ujirani. Nakubali neno hili, tena naliogopa. Wala sisemi kila kosa la msaidizi ni deni. Aliyesema ukweli juu ya kiasi cha ujuzi wake, akaitwa hata hivyo, akafanya kwa uangalifu, kisha mambo yakaharibika, huyo hadaiwi kitu. Hasara ile ni ya wote wawili, na pengine ni ya mwenye mali peke yake, kwa kuwa alichagua akijua. Lakini aliyenunua imani ya mwenziwe kwa neno la uongo dogo, kama lile langu, huyo amejitwalia mzigo aliotaka kuubeba mwingine, na ukianguka umeanguka mkononi mwake.

Kosa langu, kwa hiyo, halikuwa katika kuzungusha nati. Lilikuwa limekwisha kutendeka kabla sijaugusa ufunguo. Na la pili lilitendeka baada ya kuurudisha sandukuni, niliposema, "Ni kweli, njia ni mbaya." Njia ilikuwa mbaya, sikusema uongo hata kwa herufi moja, lakini nilitumia kweli ya mawe kuifunika kweli ya mikono yangu.

Jumamosi tulikwenda pamoja kwa fundi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akalitwaa gurudumu magotini pake kama mtu apokeaye mtoto mgonjwa. Hakulitazama kwanza, alizipiga spoki kwa ukucha, moja moja, akasikiliza. Za upande mmoja, alisema, ikiwa gurudumu ni zima, hulia kwa sauti za kukaribiana. Hizi baadhi zililia juu sana kama uzi wa zeze uliovutwa hata ukaribie kukatika, na nyingine kati yake hazikulia kabisa, zilisema ta, ta, kama kijiti. Kisha akapitisha kidole juu ya nati. "Pembe zimelika," akasema. "Nani aliyeligusa gurudumu hili?"

Jirani yangu hakujibu. Aliangalia chini, akaanza kujifuta vumbi la kiatu. Ndipo nilipofahamu ya kuwa alijua tangu siku ile ya kwanza, na ya kuwa maneno yake juu ya mawe yalikuwa nguo aliyonivika ili nisione haya. Naye angalikaa kimya hivyo hata mwisho.

Nikasema, "Ni mimi, mzee."

Fundi hakunikemea. Alitoa ufunguo wake, wa mviringo kama sarafu kubwa, wenye mianya ya vipimo mbalimbali ukingoni, akajaribu mmoja, akajaribu wa pili, wa tatu ukakaa sawasawa pasipo kucheza. "Mwanangu," akasema, "mwanya wa kwanza ni wa kuuliza." Ringi haikufaa tena, na spoki kumi na moja zilitupwa pamoja nayo.

Habari ya malipo ilitusumbua zaidi ya habari ya gurudumu. Nilitaka kulipa ringi, spoki, kazi ya fundi, na maziwa ya siku zote alizokosa kwenda mjini. Jirani akakataa yote. Alisema mambo haya ni ya ujirani, na ya kuwa nikimlipa nitakuwa nimemfanya mgeni. Nikafikiri sana juu ya jibu hilo, kwa maana mdaiwa asamehewaye kabla hajakiri na yule asamehewaye baada ya kukiri hawako mahali pamoja. Wa kwanza hupokea msamaha wa jambo lisilotajwa, naye hawezi kujua kama amesamehewa au amevumiliwa tu. Mimi nilikuwa nimevumiliwa. Kwa hiyo nikamwambia palepale, mbele ya mzee, jinsi nilivyoona ufunguo ukicheza na kunyamaza, na jinsi nilivyojua moyoni siku ile ya pole. Aliposikia hayo alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi lipa ringi na spoki. Kazi ya mzee nitalipa mimi, kwa kuwa hata siku ile ningalimlipa. Maziwa yamekwisha kumwagika."

Nilistaajabu kwa hesabu yake. Hakuna mwalimu aliyemfundisha, lakini alipasua deni mahali penye maungio yake: kilichoharibiwa na mimi kikawa changu, gharama ambayo ingalikuwa yake hata bila mimi akaishika mwenyewe. Juu ya maziwa bado sikubaliani naye. Nimejaribu mara mbili kuyalipa, naye amekataa mara mbili.

Baada ya hapo nilimwomba mzee anifundishe. Nilikwenda chini ya mwembe Jumamosi nyingi, na kwa muda mrefu hakuniruhusu kushika kitu ila chaki. Niliwaza pia kwamba kwa kumkatalia jirani asiende kwa fundi nalikuwa nimeugusa mkate wa mtu wa tatu, lakini mzee mwenyewe alilicheka neno hilo. Alisema magurudumu ya nyumbani humletea kazi nyingi kuliko mawe ya njiani.

Mwezi uliopita jirani alikuja tena na baiskeli yake. Gurudumu la mbele lilikuwa limeanza kucheza. "Kaka, ufunguo upo?" akauliza. Nikamwambia upo, na sasa ni wa kipimo cha nati zake, ya kuwa magurudumu manne nimeyanyosha mbele ya mzee na mawili kati yake aliyarudia mwenyewe, na ya kuwa la mzigo sijapata kulifanya peke yangu. Alifikiri kidogo, akautazama mwembe kule mbali, akanitazama mimi. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akalishika gurudumu kwa mikono miwili. "Robo, robo," akasema. "Nami nione."